Benni Kamba 009: jasusi wa Ukambani na wazee walionyamaza

Nusu karne imetimia tangu mwaka 1976, Tanzania ilipopiga marufuku vitabu vya David Maillu. Sijasikia popote tukio hilo likikumbukwa, hata huku Ukambani, na linaniuma. Pengine bila marufuku ile tusingempata Benni Kamba, jasusi nambari 009, aliyewakesha wanafunzi wengi wa sekondari kando ya koroboi.

Maillu ni mzaliwa wa Kilungu, Makueni, mwaka 1939. Sehemu kubwa ya elimu yake aliitafuta mwenyewe, kisha akafanya kazi ya uchoraji katika Sauti ya Kenya. Mwaka 1972 alianzisha kampuni yake, Comb Books, jijini Nairobi, na ndani ya miaka michache vitabu vyake vikawa gumzo la mji. Unfit for Human Consumption kilisimulia mtumishi wa serikali anayeangamizwa na pombe na wanawake. My Dear Bottle kilikuwa maneno ya mlevi, kwa mashairi. After 4.30 kikafichua yanayowapata makarani wa kike mikononi mwa mabosi wao baada ya saa za kazi. Vilikuwa vidogo, vinaingia mfukoni, na bei yake ilimfaa mtu wa mshahara mdogo. Watu ambao hawakuwahi kununua kitabu tangu watoke shuleni walivinunua.

Hapo ndipo ugomvi ulipowaka. Wahakiki wa vyuo vikuu, Chris Wanjala akiwa miongoni mwa wakali wao, waliona fasihi inachafuliwa. Wazazi na walimu walilalamikia matusi. Maillu alishikilia kwamba yeye ni mwalimu wa maadili: anaonyesha uchafu ili watu waukimbie. Mimi namwamini nusu. Aliujua vizuri utamu wa alichokuwa akikikemea, na wasomaji wake waliujua pia. Lakini wahakiki wale hawakuwahi kueleza kwa nini karani wa Nairobi alijiona ndani ya After 4.30 na hakujiona katika vitabu walivyomsifia.

Tanzania ilipofunga mlango, Comb Books ilipoteza soko la nchi jirani, madeni yakazidi, na kabla muongo huo haujaisha kampuni ikawa imekwisha. Mwandishi aliyekuwa akiuza kuliko karibu wenzake wote nchini akabaki bila kampuni yake.

Mwaka 1982 mtafiti wa Marekani Bernth Lindfors, aliyemfuatilia Maillu kwa miaka mingi, aliandika makala akimwita Maillu mpya, na kwa maelezo yake mabadiliko hayo yanaeleweka. Mwaka 1980 Maillu alitoa vitabu viwili kupitia Macmillan, katika mfululizo wa Pacesetters uliolenga vijana wa Afrika. Lugha imesafishwa, kitanda kimefunikwa. Kimoja, For Mbatha and Rabeka, ni cha mapenzi. Cha pili ni The Equatorial Assignment, na ndimo Benni Kamba anamoingia, mtumishi wa idara ya siri ya Afrika nzima iitwayo NISA. Adui yake ni Dr. Thunder, anayezihujumu serikali za Afrika kwa manufaa ya mataifa makubwa, akisaidiwa na mrembo hatari, Konolulu. Nambari 009 imemwangalia James Bond waziwazi, ila huyu anatetea bara lake, na jina lake ni la kabila letu. Kwa kijana wa Kitui au Wote hilo lilikuwa jambo kubwa. Kitabu cha pili cha Benni, Operation DXT, kilifuata mwaka 1986.

Kinachonisumbua ni kwamba wakati Benni akipambana na maadui wa kubuni, njama ya kweli ilikuwa imepita nyumbani, na hapa Matinyani, Kitui Magharibi, haikupita mbali. Juni 1971 watu kadhaa walihukumiwa Nairobi kwa kupanga kuipindua serikali ya Mzee Jomo Kenyatta. Walikuwa wamekwenda hata Tanzania kuomba msaada, wakaukosa. Mbunge wa Yatta, Gideon Mutiso, alifungwa. Katika kesi hizo yalitajwa majina mawili makubwa ya Ukambani: Meja Jenerali Joseph Ndolo, mkuu wa majeshi, na Kitili Mwendwa, Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, mtoto wa chifu mkuu Mwendwa Kitavi wa Matinyani. Ndolo alijiuzulu Juni. Mwendwa alijiuzulu Julai. Hakuna kati yao aliyefikishwa kortini kushtakiwa.

Kisha kimya. Mwendwa alikaa nje ya siasa miaka mingi, akaingia Bungeni mwaka 1984, na mwaka uliofuata akafa katika ajali ya gari. Mjane wake, Nyiva, mwaka 1995 alikuwa mwanamke wa kwanza nchini kuwa waziri kamili.

Riwaya za kijasusi ninazozipenda ni zile ambamo mtoto anafungua sanduku la mzazi na kukuta barua, picha, jina jingine. Adui wa Benni yuko ng'ambo, na baba yake hatumjui. Katika nyumba nyingi za Ukambani, ambako wanaume walijaa katika jeshi na polisi tangu enzi za King's African Rifles, baba alirudi likizoni, akakaa chini ya mwembe na hakusema lolote kuhusu kazi. Wake na watoto walijifunza kutouliza. Na Maillu angeweza kuiandika hadithi hiyo: mwaka 1991 alitoa Broken Drum, yenye zaidi ya kurasa 1,000, akifukua historia ya Wakamba kwa vizazi. Jasusi akamwacha kando, na yaliyotokea mwaka 1971 hayakupata jasusi wake.

Leo Pacesetters utazikuta kwa bahati kwa wauza vitabu vya mitumba, majalada yakiwa yameng'oka. Shule zetu zinafundisha vitabu vilivyoteuliwa kwa mtihani, mwanafunzi wa Matinyani anamaliza kidato cha nne bila kujua kuwa mwandishi kutoka Kilungu aliwahi kuuza vitabu hadi Dar es Salaam ikashtuka. Mimi naona ni aibu ya kaunti zetu zote mbili, Kitui na Makueni.

Magazeti ya Juni na Julai 1971 yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Kijana mwenye kalamu aanzie hapo, kisha arudi awaulize wazee waliobaki, kabla hawajaondoka na majibu.