Kutoka Shamba la Kahawa hadi Nyumba za Wageni: Funzo la Karen kwa Juba

Makala haya yanajadili ubadilishaji wa majengo ya mashamba ya kikoloni kuwa malazi ya watalii. Hoja yake ni kwamba ukarabati huokoa historia ya waliokaa katika nyumba za mawe, ilhali ya waliokaa katika nyumba za udongo na nyasi hupotea isipohifadhiwa kwa makusudi. Mfano unatoka Karen, Nairobi, nao unaihusu Juba, kwa kuwa Sudan Kusini, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, ina nafasi ya kujifunza kwa jirani zake mapema.

Shamba la kahawa la Karen Blixen, chini ya vilima vya Ngong, lilikuwa na ekari zipatazo 6,000. Lilipouzwa mwaka 1931, ardhi ilikatwa viwanja vya makazi. Nyumba ya Blixen ilinunuliwa baadaye na serikali ya Denmark, ikakabidhiwa Kenya, na tangu 1986 ni makumbusho. Jirani yake, nyumba iliyokuwa ya msimamizi wa shamba sasa ni mkahawa, na katika uwanja wake wageni hulala katika nyumba ndogo za kukodi.

Shamba hilo lilikuwa pia makazi ya familia nyingi za Wagikuyu, maskwota walioruhusiwa kulima na kufuga kwa malipo ya kazi. Sheria ya mwaka 1918 iliwadai maskwota wa Kenya kazi ya siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Shamba lilipouzwa walitakiwa kuhama, na hatimaye wakapewa ardhi katika hifadhi ya msitu ya Dagoretti. Nyumba zao hazikuacha ukuta wa kukarabatiwa.

Lugha, hata hivyo, imehifadhi alama yao. Katika usemi wa walowezi, neno «shamba» lilitumika hasa kwa kipande cha skwota. Mali ya mlowezi iliitwa kwa Kiingereza. Hadi leo, katika mitaa kama Karen, mtunza bustani huitwa «shamba boi». Neno moja linabeba daraja la kijamii ambalo jengo lililopakwa rangi upya halilionyeshi.

Kwa Juba, Sheria ya Ardhi ya 2009 inatambua ardhi ya umma, ya jamii na ya binafsi. Kutambua haki ya ardhi ni hatua ya msingi, lakini hakutoshi kulinda kumbukumbu. Inapendekezwa kwamba, kabla ya kibali cha kugeuza jengo la zamani kuwa malazi kutolewa, majina ya mahali na ushuhuda wa waliofanya kazi hapo virekodiwe kwa Kibari, Kiarabu cha Juba na Kiswahili. Kazi hiyo haina budi kutangulia ukarabati, maana wazee wanaoyakumbuka majina hayo hawatasubiri hoteli ifunguliwe.