Kivuli na Kigezo: Ufasiri wa Maandiko ya Kiebrania na Msomaji wa Kwale

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuyachukulia masimulizi ya manabii kuwa mali ya pamoja ya Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Rai hiyo ni sahihi kuhusu majina na matukio. Kuhusu usomaji, inapotosha. Makala haya yanadai kwamba tofauti ya kimsingi imo katika kanuni ya kufasiri, na kwamba katika Kwale kanuni hizo hukutana ndani ya msamiati mmoja.

Waandishi wa Kikristo wa karne za mwanzo waliyapokea maandiko ya Kiebrania kupitia tafsiri ya Kiyunani iliyoanzwa Iskandaria katika karne ya 3 K.K. Waliyasoma kama kivuli kinachomtangulia mwenyewe. Tertullian wa Carthage, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3 B.K., alimwona Isaka aliyebeba kuni za dhabihu yake kuwa mfano wa Kristo aliyebeba msalaba. Origen wa Iskandaria aliiwekea kanuni hiyo msingi wa nadharia: andiko lina mwili, nafsi na roho, na msomaji anayekomea kwenye maana ya juu ameuona mwili tu.

Kisa hichohicho hukumbukwa kila mwaka Diani na Msambweni, miongoni mwa Wadigo ambao wengi wao ni Waislamu, katika Idi ya Kuchinja. Kurani haimtaji mwana huyo kwa jina, na wafasiri wengi humtambua kuwa Ismaili. Hata hivyo, jina si hoja kuu. Katika usomaji huu kisa hakingojei tukio jingine likitimize. Utiifu wa baba na mwana ni kigezo, na waumini hukifuata kwa kuchinja na kugawa nyama. Palipo na kivuli kwa Tertullian, hapa pana kielelezo kilichokamilika.

Mgongano wa pili umo katika neno moja. Katika Isaya 7:14, matini ya Kiebrania inataja mwanamke kijana. Tafsiri ya Kiyunani ikasema bikira. Katikati ya karne ya 2, Justin aliandika majadiliano yake na Myahudi Trypho, ambamo Trypho anashikilia kwamba neno ni mwanamke kijana na kwamba unabii unamhusu mfalme Hezekia. Kiswahili kina neno mwanamwali, ambalo lingeweza kuuhifadhi utata huo. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ilichagua bikira, na kwa hiyo ikamhukumia Justin. Msomaji Mwislamu wa Kwale anakubali ubikira wa Mariamu, lakini kwa ushahidi wa Kurani, hamhitaji Isaya. Kwake ushindi wa Justin hauthibitishi lolote jipya. Naye msomaji wa Agano Jipya la Chidigo, lililotolewa mwaka 2007, hukutana na maneno hayo ya Isaya ndani ya Mathayo, yakiwa tayari yamekwisha kufasiriwa.

Historia ya tafsiri inazidi kuutatiza mpaka huo. Krapf alipoanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mnamo Juni 1844, alisaidiwa na kadhi wa mji, Ali bin Muhyiddin. Maneno kama nabii, Torati, Zaburi na dhambi yalikuwa na historia ya Kiislamu kabla ya kuingia katika Biblia ya Kiswahili. Kivuli cha Tertullian kililazimika kusemwa kwa lugha iliyolelewa na kigezo.

Kwa mintarafu hiyo, mhakiki anayezipima tenzi za Ayubu au Yusufu kwa Biblia, na kuziita masimulizi yaliyopotoka, anaifanya kanuni moja ya kufasiri kuwa matini asilia. Biblia ya Kiswahili nayo ni ufasiri. Inastahili kuhakikiwa sambamba na utenzi, kila kimoja kikiulizwa kinataka msomaji wake aamini nini kuhusu wakati: kwamba tukio la kale lilikuwa likingojea, au kwamba lingali likiamuru.