Namna Tshisekedi alivyorudi madarakani 2023, Masisi na Rutshuru bila kura

Siku ya tatu, tarehe 20 Desemba 2023, wakaaji wa Goma walipanga mistari mbele ya shule kwenda kupiga kura. Kandokando ya barabara ya Sake, kule Mugunga, Bulengo na Lushagala, wahami wengi wa vita walibaki kwenye shitingi zao. Walitoka Masisi na Rutshuru, na katika wilaya hizo mbili uchaguzi haukufanyika kwa sababu ya vita. Hawakumchagua rais, hawakuchagua mbunge.

Rais aliyekuwa akiomba muhula wa pili, Félix Tshisekedi, alikuwa na mzigo mzito. Mwanzoni mwa mwaka ule dola moja ilikuwa karibu franga 2,000. Kufika siku ya kura ilikuwa imepita 2,500. Anayenunua unga na makala kila asubuhi hakuhitaji kuelezwa maana yake. Bunagana ilikuwa mikononi mwa M23 tangu Juni 2022, na utawala wa kijeshi uliowekwa Kivu ya Kaskazini na Ituri mwezi wa tano 2021 haukuwa umeleta amani. Mahali pengine rais wa namna hiyo angeogopa. Yeye alipita kwa zaidi ya 73 kwa mia.

Ili kuelewa, turudi kwanza kwa Joseph Kabila. Mwaka 2006 watu wa Kivu walimpa kura kwa wingi mkubwa, wakiamini atamaliza vita. Miaka mitano baadaye imani hiyo ilikuwa imechakaa. Vital Kamerhe, aliyekuwa mkubwa wa Bunge na mtu wake wa karibu, aliacha kiti Machi 2009 baada ya kulaumu kuingizwa kwa jeshi la Rwanda nchini, akaunda chama chake, UNC. Januari 2011 watu wa Kabila walibadilisha katiba: duru ya pili ya uchaguzi wa rais ikafutwa, anayetangulia anachukua kiti hata bila nusu ya kura. Mwezi wa kumi na mbili Kabila akatangazwa mshindi kwa 48.95 kwa mia. Étienne Tshisekedi alipewa 32.33, Kamerhe 7.74. Kwa sheria ya zamani, Kabila angelazimika kurudi mbele ya wapiga kura, akiwa peke yake na mzee Tshisekedi. Kibadiliko kile kidogo cha Januari kilikuwa na uzito kuliko kampeni yote.

Mwana wa yule mzee alirithi sheria ileile. Katika uchaguzi wa 2018 Félix alitangazwa rais kwa 38.57 kwa mia, matokeo ambayo Martin Fayulu aliyakataa. (Beni na Butembo hawakupiga kura ya rais mwaka ule, sababu zilizotolewa ni Ebola na usalama. Kuachwa nje si jambo jipya Kivu ya Kaskazini.) Lakini Bungeni FCC ya Kabila ilikuwa na wabunge zaidi ya 300 kati ya 500. Serikali ya waziri wa kwanza Ilunga Ilunkamba ilichukua miezi saba kutangazwa. Mwaka 2020 pande mbili ziligombana juu ya nani aongoze CENI, kisha juu ya majaji wa Korti ya Katiba. Nchi ilikuwa na rais, lakini ufunguo wa nyumba ulikuwa mfukoni mwa mwingine.

Desemba 2020 Tshisekedi alitangaza mwisho wa ndoa hiyo. Siku chache tu, mkubwa wa Bunge Jeanine Mabunda akaangushwa; mwisho wa Januari 2021 Ilunkamba naye akaanguka. Wabunge waliochaguliwa kwa jina la Kabila walihamia Muungano Mtakatifu bila raia kuulizwa. Mvutano ukaisha, na rais akapata maneno ya kampeni: miaka miwili ya kwanza nilifungwa mikono. Ni maneno yenye ukweli ndani yake, ila hayaelezi bei za 2023, wakati Bunge lilikuwa lake.

Wapinzani nao walimsaidia. Katika duru moja lazima kuungana kabla ya kura. Matata Ponyo na Delly Sesanga waliondoka na kumuunga mkono Moïse Katumbi, lakini Fayulu na daktari Denis Mukwege walibaki kila mtu na njia yake. Vita pia, badala ya kumwangusha rais, vilimpa silaha: aliwaita wapinzani wagombea wa wageni, na Kinshasa, siku mbili kabla ya kura, alitishia kuomba ruhusa ya kupigana na Rwanda. Katumbi alipata kama 18 kwa mia.

Lakini hesabu ina upande mwingine. Walioandikishwa walikuwa karibu milioni 44. Waliopiga kura wanaozidi kidogo milioni 18. Waliomchagua Tshisekedi milioni 13. Haifiki theluthi moja ya walioandikishwa, na wasioandikishwa kabisa, kama watu wengi wa Masisi na Rutshuru, hawamo hata kwenye hesabu hiyo.

Siku tano kabla ya kura hiyo, Corneille Nangaa, aliyeongoza CENI na kutangaza matokeo ya 2018, alikuwa Nairobi akizindua AFC pamoja na M23. Mei 2024 bomu zilianguka kwenye kambi za Mugunga na Lac Vert, zikaua wahami, watoto wakiwemo. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa M23, na mwezi wa pili kambi zikavunjwa. Kinshasa, mjadala ulioanzishwa na Tshisekedi mwenyewe Kisangani, Oktoba 2024, ulikuwa ni wa kubadilisha katiba, ile inayomruhusu rais mihula miwili tu.