Mizigo ya Wazungu, vichwa vya babu zetu

Wadau, kila siku maelfu ya watu wanashuka Kariakoo kununua viatu, simu na vitenge, na sidhani kama wengi wanajua kwamba jina hilo ni Kiingereza kilichopinda: Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, wapagazi wao walipiga kambi pale. Nairobi nao wana Kariokor yao, asili ni hiyo hiyo.

Kwa nini watu na si wanyama? Mbung'o, jamani. Farasi na nyumbu walikufa ovyo, magari yakakwama kwenye matope. Kikabaki kichwa cha binadamu, kilo 25 hivi juu yake, kumfukuza Lettow-Vorbeck aliyekuwa akikwepa mpaka Msumbiji. Waingereza peke yao waliandika vifo zaidi ya 90,000 vya wapagazi, na wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo. Wengi hawakuuawa na risasi bali na kuhara, malaria na nimonia. Mtu amezoea ndizi, anapewa unga wa mahindi na hana muda wala kuni za kuupika ukaiva. Tumbo linakataa.

Ila kinachonikosesha usingizi ni Ugogo. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka kulisha jeshi. Waingereza walipofika 1916 nao wakachukua, pamoja na wanaume wenye nguvu. Sasa nani alime? Mvua za 1917 zikagoma. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya, na ilidumu mpaka 1920. Wanakadiriwa kufa watu 30,000, karibu mmoja kati ya watano. Kuna wazazi walioweka watoto wao rehani kwa wenye chakula, wakijua huenda wasiweze kuwakomboa. Katikati ya hayo ikaingia homa kali ya mafua ya 1918. Halafu vitabu vinasema ukame! Ukame upi unaokomba zizi?

Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918. Ugogo walikuwa bado wanazika.

Mwaka 1927 ikasimamishwa sanamu ya Askari katikati ya Dar. Ile ya Nairobi ina mpagazi kando ya askari. Yetu ina askari peke yake, na bunduki yake.