Mawe ya Katanga, saratani ya Missouri

Julai 2025 Marekani ilipanua sheria yake ya fidia kwa walioathiriwa na mionzi, na safari hii wakazi wa vitongoji kadhaa vya St. Louis, Missouri, wamo. Mwezi huohuo watafiti wa Harvard walichapisha utafiti kuhusu Coldwater Creek, kijito ambacho akina mama wa huko wamekilalamikia kwa miaka mingi.

Sumu ya kijito hicho ilitoka Afrika. Shinkolobwe, huko Katanga nchini Kongo, ilianza kuchimbwa mwaka 1921 na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mwaka 1940 mkuu wake, Edgar Sengier, alisafirisha hadi New York tani zipatazo 1,200 za mawe yenye urani nyingi ajabu. Miaka miwili baadaye jeshi la Marekani likayanunua ili kutengeneza bomu, na kiwanda cha Mallinckrodt cha St. Louis kikaanza kusafisha urani. Mabaki yalirundikwa karibu na uwanja wa ndege kuanzia 1946. Upepo ulipeperusha vumbi, mvua ikasomba mengine hadi kijitoni, na kijito kilipofurika maji yaliingia majumbani. Mwaka 1973 sehemu ya mabaki hayo ikamwagwa kwenye dampo la West Lake.

Ushahidi wa leo umetokana na meno ya watoto. Mwaka 1958 wanasayansi na raia wa St. Louis, daktari Louise Reiss akiwa mstari wa mbele, waliwaomba wazazi wawapelekee meno ya utotoni yaliyong'oka. Walitaka kupima strontiamu 90 iliyotokana na majaribio ya mabomu angani, ambayo humfikia mtoto kupitia maziwa na kujijenga mifupani na menoni. Kila mtoto aliyetoa jino alipewa beji. Hadi 1970 yalikuwa yamekusanywa meno yapatayo 320,000, na matokeo yake yaliipa nguvu hoja ya mkataba wa 1963 uliopiga marufuku majaribio ya angani. Inauma kufikiri kwamba wazazi hao waliogopa vumbi la mabomu ya mbali huku wanao wakiogelea kwenye mabaki ya urani nyuma ya nyumba.

Mwaka 2001 maelfu ya meno hayo yalikutwa yamehifadhiwa ghalani, pamoja na kadi za walioyatoa. Harvard iliwatafuta wenyewe, sasa watu wazima, ikawauliza zaidi ya 4,000 kuhusu afya zao. Waliokulia ndani ya kilomita 1 kutoka kijitoni walitaja saratani kwa uwezekano wa asilimia 44 zaidi ya waliokuwa mbali kwa zaidi ya kilomita 20, na pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa saratani zinazochochewa na mionzi.

Missouri imepata jibu kwa sababu mtu alitunza kadi. Shinkolobwe ilifungwa kuelekea uhuru wa 1960, baadaye wachimbaji wadogo wakaingia kuchimba kobalti kwa mikono, na Januari 2004 Rais Joseph Kabila akaamuru pafungwe tena. Miezi michache baadaye mgodi uliporomoka na kuua watu. Watoto wa Katanga nao walivuta vumbi la mawe hayohayo, na wanastahili kupimwa na kuhesabiwa kama wale wa kijitoni. Sheria ya Julai inataja majimbo ya Marekani peke yake.