Wenzo Mkononi mwa Mvaaji: Usanifu wa Vifaa vya Kuvaliwa kwa Watu wenye Usonji

Tangu Rosalind Picard wa MIT achapishe kitabu chake Affective Computing mwaka 1997, fikra kwamba kompyuta inaweza kusoma hisia za binadamu imezaa dai jingine: kwamba mwili wa mtu mwenye usonji hutoa ishara kabla hajalemewa na kelele, mwanga au mguso, na kwamba bangili yenye vihisi inaweza kuinasa ishara hiyo na kumjulisha mlezi. Dai hili linavutia, na ndiyo maana linahitaji kupingwa kwa hoja. Makala hii inashikilia kwamba kazi ya kwanza ya kifaa cha kuvaliwa ni kumpa mvaaji uwezo wa kujituliza. Kumpima ni kazi ya baadaye, kama ipo.

Kwamba tatizo lipo, hakuna ubishi. DSM-5, mwongozo wa utambuzi wa matatizo ya afya ya akili wa mwaka 2013, uliweka mwitikio uliozidi au uliopungua wa hisi miongoni mwa vigezo vya usonji. Ubishi unaanzia kwenye kipimo.

Mwaka 2014 Paul Gringras na wenzake walichapisha katika jarida la Pediatrics jaribio lililofanyika Uingereza kuhusu mablanketi yenye uzito. Watoto 67 wenye usonji na matatizo makubwa ya usingizi walilala na blanketi zito kwa takriban wiki mbili, kisha na la kawaida kwa muda kama huo, wengine wakianza na la kawaida. Nani aanze na lipi liliamuliwa kwa bahati nasibu. Walivaa kifaa cha kurekodi mijongeo, na wazazi wakaandika shajara. Matokeo hayakuonyesha tofauti ya maana: watoto hawakulala muda mrefu zaidi, wala hawakupata usingizi mapema zaidi. Hata hivyo, watoto na wazazi walipoulizwa, walilipendelea blanketi zito.

Wengi wameyasoma matokeo haya kama hukumu dhidi ya blanketi. Mimi nayasoma kama hukumu dhidi ya kipimo. Ni kweli kwamba huwezi kumficha mtoto uzito wa blanketi, kwa hiyo matarajio yake huenda yalichangia. Lakini kilichopimwa kilikuwa usingizi, na mtoto anaweza kukaa macho saa zilezile akiwa ametulia zaidi. Kifaa cha mijongeo hakina namna ya kujua hilo. Mara nyingi humhesabu aliyelala macho bila kujigeuza kuwa amesinzia. Pale kihisi kinaposema hakuna kitu na mvaaji anasema kipo, kwa nini tuanze kwa kumshuku mvaaji?

Bangili zinazopima upitishaji umeme wa ngozi zina udhaifu unaofanana na huo. Zinapima jasho, yaani msisimko, bila kujua chanzo chake. Anayeshangilia bao na aliyeziba masikio kwa honi ya daladala wanaweza kuandikwa sawa. Na katika joto la Februari la Dar es Salaam au Mombasa, ngozi hulowa hata kwa mtu aliyetulia kabisa.

Mfano bora wa kifaa cha kujituliza ni wa zamani, na haukuwa hata wa kuvaliwa. Temple Grandin, mwenye usonji mwenyewe, aliona akiwa kijana jinsi ng'ombe wa shamba la shangazi yake Arizona walivyotulia walipobanwa kwenye kizimba cha chanjo, akajitengenezea mashine yake. Mbao mbili zenye matandiko laini zimeungwa chini kwa umbo la V. Mtumiaji anaingia katikati, na silinda ya hewa inazivuta zimbane ubavuni. Wenzo wa kuongeza au kupunguza mbano uko mkononi mwake. Makala yake ya mwaka 1992 kuhusu mbano huo husomwa zaidi kwa ajili ya athari za mbano wenyewe. Wenzo, ninavyoona, ndio kiini. Mwaka 2008 nchini Kanada mtoto mwenye usonji alifariki baada ya kufungwa ndani ya blanketi zito. Tofauti na Grandin, hakuwa na njia ya kujitoa.

Nitaambiwa kwamba aliyekwisha kulemewa hawezi kubonyeza kitu, na kwamba wapo wasiozungumza kabisa. Kulemewa, hata hivyo, aghalabu huja kwa hatua, na swichi kubwa inayopapaswa bila kutazamwa haihitaji maneno. Anayevua hedifoni za kufuta kelele na kuzitupa ametoa maoni kamili kuhusu usanifu wa hedifoni hizo. Huenda alikuwa sahihi: mfumo wa kufuta kelele kwa wimbi kinzani hufanya kazi vizuri kwa mngurumo wa jenereta, lakini honi ya ghafla huuwahi. Kwa honi, vikinga masikio vinene visivyo na betri vinaweza kumfaa zaidi.

Nathubutu kusema kwamba kifaa kinachotuma taarifa kwa mlezi kabla ya kumpa mvaaji swichi kinamhudumia mlezi, na kiitwe hivyo katika maombi ya fedha za utafiti. Majaribio yajayo yahesabu pia mara ngapi mvaaji amekivaa kwa hiari yake, na mara ngapi amekivua.