Kufu na Radhi

Neno kufu halijafa Unguja. Mpaka leo ukipeleka posa Mji Mkongwe, aghlabu suali la kwanza halihusu tabia ya kijana wala riziki yake. Huulizwa: ni wa nani? Kwa wanavyuoni wa fikihi, kufu ni kinga ya mwanamke, asije akaozwa mtu asiyelingana naye. Katika desturi zetu iligeuka ukuta wa nasaba, na ukuta huo ukawa na mlango mmoja tu, wa wanaume. Mwarabu aliweza kuweka suria wa Kihabeshi, wa Kicherkasi au wa bara, na watoto wakahesabiwa wa baba yao. Seyyid Majid na Seyyid Barghash, waliotawala kisiwa hiki, wote mama zao walikuwa masuria.

Dada yao hakuupata mlango huo. Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alipendana na jirani yake wa mjini, Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Agosti 1866, akiwa mja mzito, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, na huko, Mei 1867, akabatizwa na kuolewa. Najua atakayesema kizuizi kilikuwa dini, si rangi. Kweli. Lakini hata angesilimu Ruete, nani angethubutu kupeleka posa ile Beit al-Sahel?

Mapinduzi ya 1964 yaliahidi kuubomoa ukuta wa makabila, na ahadi ilikuwa njema. Kilichofuata ndicho kinachonikaa rohoni. Septemba 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu wakubwa wa serikali, wajumbe wa Baraza la Mapinduzi wakiwamo. Jamaa zao waliopinga walitiwa ndani. Mzee Abeid Karume alijitetea kwamba zamani Waarabu waliwaweka wanawake wa Kiafrika masuria bila ya kujali kuwaoa, na sasa zamu imegeuka. Kuhusu masuria alisema kweli. Ila waliolipishwa deni hilo ni mabinti ambao hawakukopa, wala hawakuwa Waarabu.

Miaka mitatu nyuma, Juni 1967, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imefuta sheria za majimbo zilizokataza weupe kuoana na weusi. Makaburu wa Afrika Kusini waliishikilia yao ya 1949 hadi 1985. Huko dola ilisema: msioane. Kwetu ilisema: mtaolewa. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 16, linazikataa amri zote mbili, maana linaondoa mpaka wa rangi na papo hapo linataka radhi kamili ya wanaooana.

Sheria ya Ndoa ya 1971 iliandika sharti la hiari, lakini ni ya Tanzania Bara, haikuvuka bahari. Zanzibar ilipata Katiba ya 1984 inayokataza ubaguzi wa rangi na kabila, na ndoa za Waislamu zimebaki kwa kadhi. Dini nayo imeagiza mwanamwali atakwe idhini, na kimya chake ni radhi. Kimya cha binti ambaye jamaa zake wako korokoroni hakimo katika hukumu hiyo.

Salme alijiandikia kisa chake, kikachapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Majina ya wale wanne nimeyaacha. Sikupata kuwataka idhini.